Kufuli Lenye Jina la Baba Mkwe

Benaco, Jumanne

Adela,

Miaka miwili na miezi minne! Hata kunguru wa jalala la stendi anakumbuka kiota alimototolewa. Ulikuwa Mwanza, hukuwa mbinguni. Malori yanatoka huko na kupita mbele ya mlango wangu kila siku, na kila moja lilipopiga breki nilinyoosha shingo kama bata, nikijua wazi kwamba ninajiaibisha. Nilipougua kifua mwaka jana ulimpigia simu Restituta, mke wa katekista, ukamwambia, "Mwambieni anywe dawa." Basi. Kama mtu anayeagiza mchicha umwagiliwe. Juzi ndiyo umetokea, ukakaa kwenye kiti cha mgeni, ukanywa nusu kikombe cha chai yangu, ukasema "asante Bibi" kwa sauti ya watu wa benki. Na kesho asubuhi unavuka daraja la Rusumo, unakwenda Kigali kuendesha baiskeli mwaka mzima. Siku mbili! Mtu aliyekuja kuazima jembe hukaa zaidi.

Leo umekwenda Ngara mjini kuaga watu. Umeniachia nyumba, nami nimeshika kalamu tangu ulipotoka. Ndiyo, mimi mwenyewe. Usiinue nyusi, nitafika huko.

Sitakuambia ule vizuri wala ujifunike. Una miaka ishirini na moja na mapaja ya punda wa mizigo; kula unakujua. Karatasi hii pia sitakupa mkononi, maana ungeipokea kwa adabu, na adabu yako imenichosha. Nitaikunja niitie kwenye kile kimfuko kilicho chini ya kiti cha baiskeli yako, pamoja na tyubu ya akiba. Kwa hiyo kama unaisoma, umepata pancha. Pole. Kaa chini kando ya njia. Huna pa kukimbilia.

Nataka kukusimulia ile wiki. Najua uliiona kwa macho yako. Lakini uliiona kutoka upande wa aliyekosewa, na upande huo hauoni kila kitu.

Kocha wa Mwanza alikuwa amekupa kile kidude cha kufunga kwenye usukani, kompyuta ya baiskeli, kidogo kama kiberiti. Ulinieleza mara tatu na mara tatu nilijifanya kiziwi. Kwamba kinahesabu umbali, milima, mwendo, hata moyo unavyodunda. Kwamba hakina laini kama simu, ila kikifika nyumbani penye mtandao kinautambua, kinaingia, kinamtumia kocha kila kitu chenyewe. Simu yako wakati huo ilikuwa kitochi, isingekusaidia. Safari tatu, alisema kocha, zimfikie kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Wasichana wengi, nafasi moja ya timu.

Ukaenda Rusumo na kurudi. Ukaenda Ngara mjini na kurudi. Siku ya tatu ukaenda Nyakahura, ukarudi midomo imepasuka, chumvi imekauka shingoni, magoti yakitetemeka uliposhuka. Nikakutazama kutoka jikoni nikasema, "Magoti hayo yatambeba mtoto gani?" Hiyo ndiyo pole niliyokupa. Nyingine sikuwa nayo siku ile, au nilikuwa nayo nikaibania.

Ukakiwasha kidude uani. Kikatafuta. Ukanisomea kwa furaha, "Bibi, kimeuona mtandao wetu! Unaitwa Kwa Bibi!" Halafu uso ukabadilika. Mbele ya jina langu palikuwa na kijipicha cha kufuli. Kinataka neno la siri.

Kile kisanduku cha mtandao chenye vitaa alikifunga Deo, baba yako mdogo, wewe ukiwa bado shule Biharamulo. Ukampigia. Alikuwa na lori lake ndani kabisa ya Kongo, njia ya Lubumbashi, hapatikani. Ukajaribu Alhamisi usiku kucha, hapatikani. Ijumaa ukakimbilia nyumba ya wageni pale stendi. Mtandao wao ulikuwa umekufa wiki nzima. Ukarudi kwangu.

"Bibi, Deo hakukuachia neno la siri?"

"Mimi sikusoma. Mambo ya mashine nitayajulia wapi?"

Adela, nilikuwa nalijua.

Nililijua tangu wiki ile Deo alipokifunga kisanduku. Wale vijana wa malori walikuwa wakikaa ukutani kwetu na simu zao kama mijusi inayoota jua, wakinipigia kelele, "Bibi, tupe basi neno, tuongee na wake zetu." Deo akapata akili. Unajua sisi tulioolewa hatulitaji jina la baba mkwe. Akiwa hai hatulitaji, akiwa kaburini hatulitaji. Hata neno linaloanza kama jina lake tunalizunguka. Ndiyo maana tangu utoto wako umenisikia nikisema "njia ya magari", nawe ukinicheka, ukidhani ni ushamba. Haukuwa ushamba. Basi Deo akalichukua jina lilelile akalifanya kufuli. Alicheka mpaka akashika mlango. "Mama, hii ni benki! Hata wakikuning'iniza kichwa chini hutasema. Lakini akija mtu wa nyumbani, mwambie tu ni jina la babu yangu. Atalijua mwenyewe."

Umeelewa? Nyie wajukuu na vitukuu hamna mwiko. Mnalitaja jina hilo mnapofukuza mbuzi. Mimi nilitakiwa kusema: ni jina la baba mkwe wangu. Maneno sita, na hata moja ndani yake halikatazwi. Ningeyasema huku nachambua maharage, bila hata kuinua kichwa.

Jumamosi asubuhi ulikaa kwenye mkeka, kidude mapajani, ukibahatisha. Ukabonyeza jina la Deo. Likakataliwa. Jina la marehemu baba yako. Likakataliwa. Hapo nilikuona ukipangusa macho kwa mkono wa blauzi, nikageuza uso nikapepeta maharage ambayo yalikuwa yameshapepetwa. Jina la mbwa, jina la parokia, jina la lori.

"Jaribu jina la mbuzi," nikakuambia.

Ukajaribu. Ukajaribu kweli! Likakataliwa, nami nikacheka.

"Kidude chako hakina heshima," nikasema. "Kimeingia uani kwa watu bila hodi, ndiyo maana hakikaribishwi."

Ukapiga magoti mbele yangu. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Ya ngapi leo?"

"Bibi, kumbuka tu. Deo alisema chochote? Ni jina la mtu? Ni namba?"

"Ade, mke mwenzangu, kichwa changu ni kibuyu kitupu. Hamkuniambia hivyo wenyewe, wewe na wasomi wenzako?"

Hukuwahi kuniambia hivyo. Nilikusingizia ukiwa umepiga magoti.

Redio ya jirani ikatoa saa sita. Ulikuwa umeshika kidude kwa mikono miwili kama kifaranga kilichokufa. Nikasubiri. Nikamaliza ungo wa maharage, nikaupiga chini vumbi likatoka, nikasimama, nikajinyoosha mgongo. Halafu nikasema, "Ni jina la baba mkwe wangu."

Hapo ndipo palipo na dhambi yangu, mwanangu. Ningekufa nalo, ungeniita bibi mjinga. Nilikuambia ili ujue kwamba nilikuwa nalijua. Nilitaka unione.

Ukabonyeza. Kile kidude kikalia "tii", kijikufuli kikafunguka, na safari zako tatu, milima yote na moyo wako wote, zikaondoka kwenda Mwanza dakika chache baada ya muda. Jioni meseji ya kocha ikaingia kwenye kitochi: nafasi imeshachukuliwa. Hukulia. Hukunitukana. Ungenitukana ningepona. Alfajiri ukapanda lori la vitunguu kwenda Mwanza, na kitanda chako ulikuwa umekitandika vizuri kama cha maiti.

Watu waliponiuliza nikawaambia, "Ningefanyaje? Ni mwiko. Mila ilinifunga mdomo." Wanawake wenzangu wakatikisa vichwa kwa huruma. Wakasema hawa wasichana wa siku hizi hawaheshimu mila. Nikaipokea huruma yao, nikaila na ugali.

Sasa nikuambie jambo ambalo hakuna aliyebaki hai anayelijua isipokuwa mimi.

Mwaka ule wa wakimbizi, Benaco ilipojaa watu mpaka vilima vikageuka rangi ya maturubai, nilikuwa bado mke kijana, Deo yuko mgongoni. Baba mkwe wangu macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Siku moja akashika fimbo yake akaenda kumtafuta ng'ombe, na watu wakammeza. Watu, Adela! Kama siafu. Mume wangu yuko upande mwingine anatafuta, mimi huku na mtoto mgongoni, na siwezi kumwita mzee kwa jina lake. Nikaita "Baba!" Wakageuka wababa mia. Ningeweza kukaa chini nilie, niseme mila imenifunga. Unajua nilifanya nini? Nilipaza sauti nikamwita ng'ombe wake. "Bihogo! Bihogo weee!" Nikapita kati ya mahema nikiita ng'ombe kama mwendawazimu, watoto wa watu wakinifuata wakicheka. Na kutoka nyuma ya rundo la kuni nikasikia sauti ya hasira, "Nani amemfungulia ng'ombe wangu?"

Nikamshika mkono nikamrudisha nyumbani.

Nilikuwa kijana bado. Sikuvunja mwiko, na sikumpoteza mzee. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba mila ilinizuia siku ile ya maharage, hata kama mtu huyo ni mimi. Mila haikunizuia. Mila ilikuwa mlango, na mimi nilisimama nyuma yake nikichungulia kwenye tundu.

Utaniuliza kwa nini. Jibu zuri ninalo: baba yako nilimzika, mama yako akarudi kwao Nyabusozi akaolewa tena, wewe ukabaki wa mwisho kwenye mkeka wangu, nikaogopa. Ni kweli. Lakini ingekuwa hofu peke yake, ningekuambia "baki." Lina herufi nne tu, sasa najua kuhesabu. Sikulisema. Ukweli ni kwamba nilifurahia. Maisha yangu yote nimewapigia magoti wanaojua kusoma: karani, nesi, mtu wa mbolea, hata Deo wangu mwenyewe na karatasi zake. Siku ile, kwa mara ya kwanza, mtu aliyesoma alikuwa amenipigia magoti mimi, akihitaji kitu kilichomo kichwani mwangu. Ilikuwa tamu, Adela. Tamu kama asali ya kuiba. Na aliyepiga magoti ulikuwa wewe, niliyekulisha kwa kidole.

Ndiyo hilo ninalolijua, na nimelinunua ghali, kwa hiyo lichukue. Atakayekuumiza sana huko uendako si atakayekufokea. Ni yule atakayesema "mimi sijui" huku anachambua maharage. Utamtambua kwa sababu hataacha kazi yake. Lakini si yeye ninayemhofia. Nakuhofia wewe. Nimekuona juzi. Ulipoingia uani kile kidude chako kipya kikaanza kupiga kelele kikitafuta mtandao, nami nikasimama mlangoni nikisubiri uniulize. Moyo unanidunda, mwanamke mzima. Ukanitazama. Ukajua kwamba nasubiri. Ukakizima taratibu, ukasema, "Nina bando langu, Bibi."

Ulikuwa na kitu ninachokihitaji, swali moja tu, nawe ukakificha huku unatabasamu. Hukujifunzia Mwanza huo ukatili. Umeurithi hapa, pamoja na haya mapaja. Siku moja utakuwa kocha wewe, au mama, na mtu atapiga magoti mbele yako. Utasikia utamu kwenye ulimi. Ukiusikia, teme.

Haya, kalamu.

Ulipoondoka nilikaa msimu mmoja wa maharage bila kufanya lolote. Halafu nikaenda kwa Restituta, anayefundisha watu wazima kusoma kwenye chumba cha nyuma cha kanisa la kigango. Tulikuwa sita, wote mvi, tumebanana kwenye madawati ya watoto. Akaniambia, "Mama, tuanze na jina lako." Nikasema hapana, kuna jina jingine nalitaka kwanza. "Jina gani?" Nikamwambia silitaji. "Sasa nitakufundishaje jina usilolitaja?" Wenzangu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Ana bwana huyu!"

Nikarudi nyumbani, nikachukua mkaa na kipande cha boksi la sabuni, nikaenda kaburini kwa baba mkwe. Pale kwenye saruji Deo aliandikisha jina. Nikapiga magoti nikaichora kila herufi kama nilivyoiona, moja ilinigeukia upande, nikampelekea Restituta boksi. Akalisoma kwa sauti darasani. Nikainamisha kichwa kama mke wa jana.

Nilijua kuliandika hilo jina kabla sijajua kuandika langu. Niliwauliza wazee kama nimevunja mwiko. Wakabishana pombe nzima. Mwisho yule mkubwa wao akasema, "Waliotunga mwiko huo hawakuwa na kalamu. Umekatazwa kutaja. Mkono wako haujataja kitu."

Basi. Tazama:

BARANYIKWA

Nimeliandika. Umeona hiyo herufi ya mwisho ilivyolala. Lakini paa halijaanguka.

Sikuombi msamaha. Nafasi ile ya Mwanza aliichukua msichana mwingine, na msamaha wangu hauwezi kumwondoa. Kwamba ulipigana miaka miwili ukapata nyingine ni jasho lako, usinipe hata tone. Na usije ukasema kwa watu, "Bibi alinikomaza." Nitakukana. Mimi sikukukomaza, nilikukanyaga. Umeota kwa ubishi wako mwenyewe.

Ila kuna kitu hukukiona juzi, kwa sababu uliingilia mlango wa nyuma kama mpangaji anayedaiwa. Kwenye ukuta wa mbele, unaotazama njia ya magari, nimeliandika jina hilo kwa rangi ya mafuta, rangi ya buluu iliyobaki kwenye milango. Herufi kubwa, za urefu wa mkono wangu. Dereva anayetoka Rusumo analiona akiwa bado mbali. Vijana wa malori wamerudi ukutani kama mijusi, wanaongea na wake zao usiku na mchana, hata wasio wake zao. Deo alipofika akashika kichwa. "Mama! Kufuli gani hili lenye ufunguo uliobandikwa nje?"

"La nyumba yangu," nikamjibu. "Usiliguse."

Alitaka kubadilisha neno. Nikamwambia akibadilisha nitajifunza hilo jipya pia, nitaliandika juu ya paa.

Ziba pancha yako sasa, jua linakwenda. Na mara ijayo ukija, sikiliza vizuri. Usije na lori. Njoo kwa baiskeli, kwa ile barabara, ndiyo, nimeiandika kwa jina lake. Ingia kwa mbele. Egemeza baiskeli ukutani chini ya lile jina, na usiniamkie kwanza, shikamoo yako itangoja. Washa kidude, kitafute mtandao wa Kwa Bibi, bonyeza herufi moja moja ukilitazama ukuta. Kikilia "tii", ndipo uingie. Nitakuwa jikoni na ungo wangu, nitajifanya sijakusikia. Simama mlangoni ulitaje jina hilo kwa sauti, mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili yako. Ya pili kwa ajili yangu, kwa sababu mimi bado nimekatazwa.